Kila Chumba na Swichi Yake: Umeme katika Nyumba ya Wapangaji Wengi

Mazungumzo na wapangaji na wenye nyumba, Mbeya



Asubuhi hii ni ya baridi. Baridi yenyewe tutairudia baadaye, kwa kuwa imo ndani ya mada yetu.

Miongoni mwa malalamiko tunayoletewa kutoka Mwanjelwa, Ilomba, Uyole na Iyunga, lipo moja ambalo halikosi kurudi kila inapofika Juni. Ni nyumba moja yenye vyumba vinne au vitano vya kupangisha, mita moja ya LUKU, na wapangaji ambao wameacha kusalimiana. Huyu ana friji na pasi, yule ana taa moja na simu, na wote huchanga sawa. Mwanafunzi anarudi kutoka likizo na kukuta anadaiwa mchango wa mwezi ambao chumba chake kilikuwa na kufuli. Mwenye nyumba naye, uniti zinapokwisha saa tatu usiku, hugongewa mlango kana kwamba yeye ndiye TANESCO.

Wengi wanapotueleza habari hizi huzieleza kama habari za tabia: fulani ni mbinafsi, fulani ni mchoyo. Tabia zipo, hatukatai. Lakini tumezitembelea baadhi ya nyumba hizo, na tulichokiona ni kwamba ugomvi ulikuwa umekwisha kupangwa ukutani na fundi kabla mpangaji wa kwanza hajahamia. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya familia moja. Wayaringi yake ikagawanywa kwa aina ya matumizi, taa zote kwenye sakiti moja na soketi zote kwenye sakiti moja au mbili, kama inavyofaa pale ambapo baba, mama na watoto wanatumia mfuko mmoja. Baadaye nyumba ikakatwa vyumba na kupangishwa, na waya ukabaki vile vile. Matokeo yake ni kwamba chumba namba tatu hakina swichi yake. Kina kipande tu cha swichi ya wote. Soketi moja ikileta hitilafu, nyumba nzima inakosa soketi. Ukitaka kukizimia umeme chumba kimoja ili kirekebishwe, huna budi kuwazimia majirani pia.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloliomba ni hili: nyumba inayopangishwa kwa vyumba ifanyiwe wayaringi ya vyumba. Kila chumba kiwe na sakiti breka yake, iliyoandikwa jina au namba ya chumba hicho, na breka zote zikae katika boksi moja chini ya swichi kuu. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba asione haya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Tuongeze neno kuhusu ukubwa wa breka, maana hapa ndipo nyumba huungua. Waya wa soketi unaotumika sana majumbani ni ule wa milimita 2.5 za mraba, na breka inayoulinda kwa kawaida ni ya ampea 20. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni kama wati 4,600, ambazo zinatosha pasi, televisheni na birika la umeme la mpangaji mmoja. Breka ikiruka mara kwa mara, inawaambia kwamba waya umebebeshwa mzigo usio wake. Katika nyumba kadhaa tumekuta breka ya 20 imeondolewa na ya 40 kuwekwa, kisa ya kwanza ilikuwa inasumbua. Haikuwa inasumbua, ilikuwa inafanya kazi yake. Ukiweka ya 40 juu ya waya ule ule, waya utapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari huku breka imetulia tuli.

Jambo la pili ni nani anayeishika swichi. Katika nyumba moja tuliyoitembelea, boksi la breka lilikuwa ndani ya sebule ya mwenye nyumba, na sebule ilikuwa na kufuli. Alikuwa amesafiri kwenda msibani Tukuyu. Mpangaji mmoja aliacha hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo ya plastiki akatoka kununua mkate. Maji yakapungua, ndoo ikayeyuka, godoro likashika moto. Majirani walijua kabisa kinachotakiwa kufanywa. Walisimama nje ya mlango wa sebule wakitafuta nyundo. Hakuna aliyeumia, tunashukuru; godoro, nguo na vitabu vya mwaka mzima wa chuo viliteketea.

Mtaona basi kwamba tunadai mambo mawili yanayoonekana kupingana. Tunataka kila chumba kijitegemee, kiweze kuzimwa na kuwashwa bila kumgusa jirani. Na papo hapo tunataka swichi kuu moja, inayokata nyumba nzima kwa mkono mmoja, iwe mahali ambapo kila mkaaji, hata mtoto wa darasa la tano, anapajua na anaweza kupafikia usiku wa manane. Ukumbini au kwenye korido panafaa. Chumbani mwa mtu hapafai, wala ndani ya kabati lenye kufuli. Chini ya swichi kuu kiwepo pia kifaa kinachokata umeme unapovuja. Madukani mkiulizia RCD ya miliampea 30 mtaeleweka. Kifaa hicho, pamoja na waya wa ethi uliofungwa vizuri, ndicho kinachoweza kumwokoa anayetia kidole kwenye ndoo kupima kama maji yamepata moto. Msitie kidole. Chomoeni hita kwanza.

Wenye nyumba wachache wametuuliza: je, breka za vyumba zikishakuwepo, si itakuwa rahisi kumzimia umeme mpangaji anayechelewesha kodi? Ndiyo, itakuwa rahisi, na tunawasihi msifanye hivyo. Breka imewekwa kwa usalama na matengenezo. Deni la pango lina njia zake, kuanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mpangaji aliyezimiwa umeme ataunganisha waya wake gizani kutoka kwa jirani, kisha tutarudi kwenye habari ya godoro.

Sasa tuje kwenye kuhesabu, na hapa ndipo baridi ya Mbeya inapoingia. Tuchukue ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 15, tunayotaka yafike nyuzi 40 ili mtu aoge. Bila kuhesabu joto linalopotea hewani, maji hayo hula karibu uniti 0.6. Ndoo moja kila siku kwa mwezi ni uniti 17 na ushei. Wapangaji wanne wakioga maji ya moto, uniti 70 zimekwenda, na hatujawasha taa hata moja. Ndiyo maana ugomvi hufika Juni.

Njia nyepesi ya kujua nani ametumia nini ni kufunga mita ndogo kwa kila chumba, baada ya breka yake. Mita hizo si za TANESCO na haziingizwi tokeni za LUKU. Kazi yake ni kuhesabu tu. Mwisho wa mwezi mnasoma zote mbele ya wote, mnaandika katika daftari moja lisilofichwa, mnachukua fedha zote zilizonunulia umeme na kuzigawa kwa jumla ya uniti. Mkipata shilingi 356 kwa uniti, aliyetumia 25 analipa 8,900. Jumla ya mita ndogo itakuwa pungufu kidogo ya mita kubwa, kwa sababu ya taa ya nje na ya choo. Tofauti hiyo gawaneni sawa na muiache hapo. Tumewahi kusuluhisha kesi ya taa ya choo kwa saa mbili nzima, na tusingependa kuirudia.

Mita ndogo hugawa gharama kwa haki, lakini haipunguzi bei ya uniti. Na hili ndilo ambalo wengi hawalijui. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, ambazo tunazitumia katika mfano huu, mteja mdogo wa nyumbani aliye kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi. Aliye kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya udhibiti asilimia 1. Basi uniti ya shilingi 100 inakuwa 122, na ile ya 292 inakuwa 356.

Sasa wawekeni wapangaji wanne, kila mmoja akitumia uniti 40. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo kabisa. Lakini mita haiwaoni wanne. Inamwona mtu mmoja anayetumia uniti 160. Kwa bei ya T1 watalipa pamoja karibu shilingi 57,000 kwa mwezi. Kama kila mmoja angekuwa na mita yake katika kundi la D1, wote wanne wangelipa 19,520. Maskini wanne wamekusanywa kwenye mita moja wakahesabiwa kuwa tajiri mmoja.

Msikimbilie ofisi za TANESCO kabla ya kumaliza hesabu. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, kwa aliye ndani ya mita 30, iliwekwa kuwa shilingi 320,960. Mita tatu za ziada ni shilingi 962,880. Kwa akiba ya takriban 37,500 kwa mwezi, fedha hizo hurudi baada ya miezi 26 hivi, na hapo hatujamlipa fundi, ambaye atalazimika kutenganisha wayaringi na kuipa kila mita swichi kuu yake. Hesabu hiyo humfaa mwenye nyumba ambaye wapangaji wake ni familia zinazokaa miaka mingi. Kwa nyumba ya wanafunzi wanaohama kila Julai, mita ndogo na daftari vinatosha. Wala msidhani mita mbili ni suluhisho la katikati: wapangaji wanne kwenye mita mbili ni uniti 80 kila moja, na mmeukosa mpaka wa 75 kwa uniti tano. Pia ulizeni mapema, na kwa maandishi, mita mpya itawekwa kundi gani, na iliyopo itahamishwaje, kwa sababu hesabu yote tuliyoifanya inasimama juu ya D1.

Tugusie haraka kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mpangaji aliyenunua uniti siku ilipokatwa ameilipa kwa niaba yake, na anastahili kurudishiwa au kukatiwa katika pango. Aihifadhi meseji ya manunuzi. Nyumba ikiwa na mita zaidi ya moja, hakikisheni jengo moja halikatwi mara mbili, na likikatwa, toeni taarifa.

Mwisho, mipaka yetu. Mita ya TANESCO isiyohesabu sawasawa, kundi la bei msilolielewa, fundi asiye na leseni, ombi la kuunganishiwa lililokaa bila jibu: haya ni yetu. Anzeni kwa mtoa huduma, mwombe namba ya lalamiko, na msiporidhika leteni kwenye ofisi ya EWURA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, hapa hapa Mbeya. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, litawasaidia kuliandika vizuri. Kiasi cha pango, mkataba na nani alipie breka mpya si mambo yetu, ingawa tumeyasema kwa mapana leo. Hayo yaandikeni kwenye mkataba kabla ya kuhama, pamoja na namba iliyosomwa kwenye mita ndogo siku ya kupokea ufunguo.

Mwenzetu amebandika ukutani mchoro wa boksi la breka la nyumba ya vyumba vitano. Sogeeni karibu muutazame, halafu tupokee maswali. Tunaomba tuanze na yule mama wa Uyole aliyekuja na breka yake mkononi.