Habari za Watu wa Mtoni Katika Msitu wa Kongo

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na watu wa mji.)



Mmetutaka tuwaeleze habari za kwetu mtoni, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Wengi wenu mwakaa nchi ya barabara na mashamba mapana, na mwasikia ya kuwa watu wa msituni wana samaki tele, ndizi tele, na maji mlangoni, basi hawana shida. Wengine husema ya kuwa sisi ni wavivu, twangoja mto utulishe. Maneno hayo yana kweli kidogo na makosa mengi.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Mto wetu ni Lualaba. Chini ya mji wa Ubundu maji hushuka katika maporomoko saba ya Boyoma, mwendo wa kilomita kama 100, hata Kisangani. Toka hapo mto waitwa Kongo. Merikebu haiwezi kupita katika maporomoko hayo. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906, na mji wa Ubundu wakauita Ponthierville. Juu ya Ubundu mto wapitika tena, kilomita zaidi ya 300, hata Kindu. Kijiji chetu kiko katika sehemu hiyo, mwendo wa siku mbili kwa kafi kutoka Ubundu. Nyuma yetu ni msitu, mbele yetu ni maji, na barabara ya motokaa hatuna.

Msishangae kusikia ya kuwa Kiswahili ni lugha yetu. Kililetwa na misafara ya watu wa pwani, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammad wa Unguja, aitwaye Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls. Safari zao zilileta pia vilio vingi, maana walichukua watumwa na pembe. Lakini walituachia lugha, na mpunga, nao twaulima hata leo.

Sasa tuseme juu ya kazi. Mvua kwetu hunyesha karibu mwaka mzima. Mwenye kutaka shamba hufyeka msitu, huangusha miti mikubwa kwa shoka, kisha hungoja siku chache za jua apate kuchoma. Mvua ikimwahi, kazi ya miezi imepotea. Mpunga ukizaa, watoto hushinda shambani wakifukuza ndege, na hiyo ni sababu moja ya viti vitupu shuleni. Walimu mlio hapa mwajua tunalosema. Baada ya mpunga hupandwa muhogo na ndizi, na majani ya muhogo ndiyo sombe, mboga yetu ya kila siku.

Samaki nao hawaji kwa kuitwa. Maji yakijaa, mto huingia msituni, na samaki hutawanyika chini ya miti, nyavu zikarudi tupu. Ndiyo miezi ya njaa. Maji yakipungua, watu huhamia visiwani na penye mchanga, wakajenga vibanda, wakavua usiku na mchana. Hapo samaki ni wengi, lakini barafu hakuna, na jua halina huruma. Lazima wabanikwe kwa moshi upesi, na wake zetu hukesha penye moto macho yakiwauma. Kisha mchuuzi akija na mashua yake, hutaja bei apendayo, maana ajua ya kuwa mwenye samaki hawezi kungoja mashua nyingine. Ndivyo mtu avuavyo kwa jasho, akauza kwa hasara, akanunua chumvi na sabuni kwa bei kubwa.

Na kwa nini vitu hivyo ni ghali? Katika vita vya miaka ya 1996 hata 2003 vyombo viliharibika na biashara ikavunjika, na tangu hapo treni haikuwa ya kutegemewa. Watu wakashika baiskeli. Hufunga mizigo mizito juu yake, wakaisukuma kwa miguu katika njia ya msituni, siku nyingi, kupita matope na madaraja ya magogo. Atakayemwita mtu huyo mvivu, na asukume yeye siku moja tu.

Lakini hatukuja hapa kulalamika. Twataka kuungama kosa moja lililokuwa letu wenyewe.

Tulipokuwa vijana, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu jioni. Hata alfajiri mtoto hajazaliwa. Mkunga, mama mzee mwenye busara, akatoka nje akasema, “Wanangu, kazi hii imenishinda. Mpelekeni kwa mganga wa Ubundu.” Tukakimbia pwani ya mto. Ilikuwa miezi ya uvuvi, na mitumbwi mizima yote ilikuwa visiwani. Uliobaki ulikuwa mmoja, nao umepasuka. Tukaziba ufa kwa udongo na matambara; makafi tukayatafuta nyumba kwa nyumba; mpaka tunaondoka jua lilikuwa kichwani. Tulipiga kafi usiku kucha, mmoja wetu akikumba maji. Mama alipona. Mtoto alizaliwa hana uhai.

Tuliporudi, watu walisema, “Ni mapenzi ya Mungu; Ubundu ni mbali.” Mzee wa kijiji akanyamaza kitambo, kisha akajibu, “Ubundu ilikuwa mbali jana na juzi pia. Ni nani kati yetu aliyeweka mtumbwi?” Hakuna aliyejibu.

Tangu siku ile tuliagana mambo matatu. La kwanza, mtumbwi mmoja mzima usiende uvuvini kamwe. Ukae na makafi yake, na vijana wanne wawe zamu kila juma. La pili, kila nyumba itoe kibaba cha mpunga wakati wa mavuno, kiuzwe, na fedha zake ziwe za kununulia dawa na chakula cha mgonjwa safarini. La tatu, mwanamke mwenye mimba akiingia mwezi wa tisa, ashuke mapema akakae kwa ndugu karibu na hospitali, asingoje uchungu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mtu mmoja aliuchukua ule mtumbwi usiku akapeleka samaki wake kuuza. Alipotozwa faini alinuna mwaka mzima. Waume wengine walikataa kuwaacha wake zao waondoke, wakisema, “Nani atanipikia?” Lakini kidogo kidogo watu walikubali, maana waliona mama wakirudi na watoto mikononi.

Tuseme na neno moja juu ya maji. Mwaka 2011 kipindupindu kilitokea Kisangani, kikashuka na mto hata Kinshasa. Mto uchukuao mgonjwa hospitali huchukua na ugonjwa pia. Basi maji ya kunywa yachemshwe, na choo kichimbwe mbali na ukingo. Kazi hii haingoji treni.

Wazee wetu, hatusemi ya kuwa mtumbwi mmoja watosha. Zahanati zatakiwa, na dawa ndani yake, na vyombo vyenye siku maalumu. Haki hiyo tutaidai siku zote bila kuchoka. Lakini mwenye kudai aweza pia kujiandaa. Hata ninyi wa nchi kavu mna mto wenu: pengine ni kilima, pengine ni daraja lililovunjika. Mkirudi makwenu leo, ulizaneni swali la yule mzee: usiku mtu akizidiwa, ni nani aliyeweka mtumbwi?