Mtoto Achukue Sayansi Ipi?

Maneno yetu jioni hii yawahusu wazee ambao watoto wao wataingia kidato cha tano. Hapo mtoto hasomeshwi sayansi zote. Huchagua masomo makuu matatu, nayo huitwa tahasusi. Fizikia, kemia na baiolojia ndiyo njia ya udaktari. Atakaye uhandisi yampasa fizikia na hisabati. Kemia, baiolojia na jiografia ni tahasusi njema kwa kilimo, walakini haimfikishi mtu kwenye udaktari, kwani fizikia imeachwa. Na wazee wengine hulijua hilo miaka miwili imekwisha kupita. Kumwambia mtoto, "Soma sayansi," hakutoshi.

Wala sayansi si ya hospitali tu. Mvuke ukipitishwa katika makonyo ya karafuu huchukua mafuta, nao ukipozwa mafuta hujitenga na maji: hiyo ni kemia. Kichocho, maradhi ya siku nyingi hapa Unguja, hupitia kwa konokono wa maji baridi; kumjua konokono huyo ni baiolojia.

Basi mwulizeni mtoto ni somo lipi aliachalo. Kisha iulizeni skuli kama maabara yake yatumika, kwani mtihani wa kidato cha sita una sehemu ya vitendo.