Akiwa hai, nani anamtambua?

Hii ni ile hotuba fupi niliyowapa wenzangu darasani, nimeikata iingie kwa uzi. Kama kawaida, hatutaji mheshimiwa wala chama.

1. Kila kampeni kuna anayeahidi "kusafisha mji". Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 nchini. Kati yao wako wagonjwa wa akili wanaotafutwa na mama zao, na sisi tunawapita hapo stage kila asubuhi.

2. Mtu anapoteaje hivyo? Dawa zinaisha, pesa hakuna, siku moja anatoka nyumbani bila kitambulisho. Familia inaripoti kituo cha kwao na kupewa nambari ya OB. Yeye ashavuka kaunti tatu, na akiulizwa jina anataja lingine. Ripoti na mwenyewe hawakutani.

3. Sheria je? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa "kila mtu" haki ya afya. Hakikusema kila mwenye kitambulisho. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi mashinani. Polisi na chifu nao wana mamlaka ya kumfikisha mgonjwa hospitalini.

4. Hapo ndipo mpira hurushwa. Kaunti inasema polisi si wake. Serikali kuu inasema afya imegatuliwa. Zote zinasema kweli, na mgonjwa anabaki kwa baridi.

5. Kuwahamisha? 2019, watoto wa mitaani kutoka Nakuru walitupwa msitu wa Chemasusu, Baringo. Ukimbeba mgonjwa usiku hivyo, umemtoa kwa mama mboga anayemjua, na pale ambapo ndugu yake angemkuta.

6. "Pesa hakuna." Sawa, lakini mtu mzima aliyewahi kuchukua kitambulisho aliacha alama za vidole. Maiti hutambuliwa kwa hizo. Mbona tungoje afe?

7. Tahadhari: wengine walitoroka kupigwa ama kufungwa kamba nyumbani. Kumtambua mtu si kumrudisha kwa nguvu. Atibiwe kwanza, kisha aulizwe.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu, muulize hivi: mgonjwa asiye na jina akiletwa hospitali ya kaunti, ni nani anayetafuta watu wake, na kwa bajeti gani? Akijibu "tutasafisha mji", basi ashakujibu.