Polishi Haitaki Haraka
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa maseremala)



Leo hatuanzi na habari ya mshahara. Twataka kusema juu ya polishi ya shelaki, lakini mtaona kwamba njia hii nayo yafika kwenye mshahara.

Shelaki hutokana na wadudu wadogo wanaokaa juu ya matawi ya miti huko Bara Hindi na Thailand. Wadudu hutoa utomvu, watu huukwangua na kuusafisha, ukawa magamba membamba ya rangi ya asali. Hata lakiri ya kupigia mihuri barua ilifanywa kwa kitu hicho. Magamba hayo hayayeyuki katika maji, huyeyuka katika spiriti.

Kwa kuanza, gramu 200 kwa lita moja ya spiriti zatosha. Tieni katika chupa, si katika mkebe wa chuma, kwa maana chuma huigeuza rangi ikawa nyeusi. Funikeni, tikiseni mara kwa mara, na kesho yake chujeni kwa kitambaa. Kisha andikeni tarehe juu ya chupa. Polishi iliyokwisha kuchanganywa huharibika kwa kukaa. Ikipita miezi sita, dondosheni tone juu ya kioo. Kesho likiwa bado lanata kidoleni, msiipake kazi ya mtu.

Mbao ipigwe msasa kwa kufuata nyuzi zake, na vumbi lifutwe. Fungeni pamba ndani ya kitambaa kisichotoa nyuzi, mpake tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Mkono uende duara, kisha kama namba 8, na mwisho moja kwa moja. Usisimame katikati, maana pamba ikisimama hushika na kung'oa tabaka la chini. Ikianza kunata, tone moja la mafuta ya kitani latosha. Siku ya mvua polishi huingia ukungu mweupe. Yafaa kungoja hewa ikauke.

Sasa tusikilizane. Mwenzetu mmoja alipewa meza siku ya mvua, pamoja na chupa ya polishi isiyo na tarehe, akaambiwa imalizike kabla ya jioni. Alisema haifai, hakusikizwa. Meza ikatoka nyeupe, tena yanata, na fedha zikakatwa katika mshahara wake. Tulikwenda naye ofisini. Hatukupiga kelele. Tuliomba chupa ile ile na kipande cha kioo, tukadondosha tone mbele ya mkubwa wa kazi. Kesho yake alilishika kwa kidole chake mwenyewe, likanata. Fedha zilirudishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kumkata mfanyakazi kwa uharibifu alioufanya kwa kusudi, wala si kwa polishi mbovu aliyopewa na tajiri.

Tena kuna hatari. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala sigara karibu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, kwani hupata joto vyenyewe na kuwaka usiku watu wakiwa wamelala. Vitandazeni nje mpaka vikauke kabisa, au vitieni katika mkebe wa maji wenye kifuniko. Spiriti ya kazi hutiwa sumu. Anayeinywa aweza kupofuka au kufa. Fungueni madirisha, vaeni glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kuviomba si kuomba sadaka.

Ndugu, wazee walisema haraka haraka haina baraka. Fundi anayejua kazi yake aweza kusema, "Leo hapana, kuna unyevu," na akaeleza sababu. Asipojua, atanyamaza, na kosa la mwingine litakuwa lake. Basi fundishaneni, na mwenye shida asikae nayo peke yake. Ailete chamani.