Kikosi cha Farasi na Daftari la Wapagazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Tumeombwa tueleze habari za kikosi cha farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Vita Kuu ilipoanza, mwezi wa Agosti 1914, walowezi wa Kizungu wa nchi iitwayo leo Kenya walikusanyika Nairobi kwa hiari yao, wengi wakija na bunduki na wanyama wao wenyewe. Tarehe 3 Novemba 1914 waliushambulia mlima wa Longido pamoja na askari wengine, lakini Wadachi waliwazuia, wakarudi.

Lakini mbung'o aliwashinda kuliko risasi. Farasi walikufa, watu waliugua homa, na wengine walitolewa wakawa maofisa katika vikosi vingine. Kabla vita haijaisha kikosi kilikuwa kimebaki jina tu.

Sasa, ndugu zetu, farasi akifa mzigo hauachwi njiani: hupandishwa kichwani pa mtu. Mji wetu huu ulitwaliwa tarehe 14 Julai 1916 na majeshi ya Waingereza yaliyokuja kwa meli za ziwani chini ya Jenerali Crewe, kisha yakaelekea kusini, njia ya Tabora. Chakula na risasi zao vilichukuliwa na wapagazi. Katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, hesabu ya serikali yenyewe ilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wenye kuchunguza tarehe wanaona walizidi sana. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa.

Habari za wapanda farasi zilipigwa chapa kitabu mwaka 1938. Wapagazi waliachiwa mtaa wa Dar es Salaam, Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps.

Makarani wenzetu, jambo hili latuhusu sisi. Baada ya vita, mishahara ya marehemu wengi haikulipwa, maana warithi wao hawakujulikana. Jina likiandikwa nusu, bila baba wala kijiji, mjane hana la kuonyesha dirishani.

Kwa hiyo twaomba: mwanachama ambaye babu au babu mkuu wake alichukua mzigo, alete kwa Katibu jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, tuliandike kamili.

Tumekwisha.