Doa la Dizeli Katika Nguo ya Kazi



Mwendesha mtambo wa kumenyea kahawa unaotumia dizeli hawezi kuikwepa. Hata hivyo, nguo iliyolowa dizeli ina madhara mawili. Hushika moto upesi. Na ikitundikwa boharini, harufu yake huhamia kwenye magunia na kahawa, ambayo hunyonya harufu kwa urahisi. Kahawa ikinuka mafuta thamani yake hushuka, na hasara ni ya wanachama wote.

Wapo wanaolisugua doa kwa petroli. Hilo ni jambo la hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ulipo moto. Pasi nayo hulikaza doa badala ya kuliondoa.

Njia iliyo salama ni hii. Nguo ivuliwe mara moja na kupelekwa nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Doa likandamizwe kwa kitambaa kikavu, kisha linyunyiziwe unga wa mahindi na kuachwa nusu saa ili unga unyonye mafuta. Unga ukung'utwe na kutupwa. Sabuni ya mche ipakwe kwa wingi na kuachwa robo saa, ndipo nguo ifuliwe kwa maji, peke yake. Harufu ikibaki, kazi irudiwe. Pasi ya mkaa isiiguse nguo hiyo kabla harufu haijakwisha kabisa.

Katibu mwangalifu huweka sabuni karibu na mtambo, na msumari wa kutundikia nguo za mafuta huupigilia nje ya bohari.