Siku 3 ndani ya maji



Wengi wetu tuliporudi kutoka kambi za Tanzania tulianza na muhogo, maana unaota hata mu udongo uliochoka. Ni vizuri. Lakini muhogo mchungu una sumu, sianidi. Njaa ikibana, mtu analoweka siku 1 tu, anaanika, anapeleka kwa mashini. Mtoto akila bukari hiyo majuma mengi, bila samaki wala maharagwe, anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa ghafula, na haiponi tena.

Kinga haiombi franga. Loweka siku 3 mpaka ulainike, kisha anika. Unga ukiwa na mashaka, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba saa 2 juani ao saa 5 kivulini, ndipo usonge siku hiyohiyo. Sumu inatoka na hewa. Ongeza ndagala ao maharagwe.

Wafadhili, asante kwa mbegu. Maharagwe ya kipindi cha njaa nayo yanalinda miguu ya batoto.

Na weye jirani, ukiona mwenzako anatoa muhogo mapema mu maji, usimucheke. Umukopeshe unga, angoje.